Kitanda cha Mama Mkwe

Rangi ya mafuta ikichanganywa na mafuta ya taa hutoa harufu inayong'ang'ania puani kwa siku nyingi. Hadi leo nikipita mbele ya karakana yoyote ya seremala hapa Mandewa, harufu hiyo hunirudisha Misigiri, kwenye uwanja wa nyumba yetu, msimu ule Baba alipoamua kukifufua kitanda. Nasema kukifufua kwa sababu kilikuwa kimekufa kabisa. Kilikuwa kitanda cha mninga, cha mwalimu mmoja aliyehamishwa, ambaye alimwachia Baba kitanda hicho kwa kubadilishana na gunia la alizeti kwa kuwa hakikuenea kwenye gari lililobeba mizigo yake. Kaka yangu alikirukia utoto wake wote mpaka chaga zikavunjika, akaenda shule ya bweni akaniachia mimi kilichobaki. Miguu miwili ilikuwa imeliwa na mchwa, ubao wa kichwani ulikuwa na ufa ambao kunguni waliufanya kijiji chao, na ukijigeuza usingizini kilitoa mlio uliowaamsha mbuzi. Mimi nilikuwa nimekizoea. Nilijua upande wa kulalia na upande wa kukwepa.

Sababu ya kukifufua ilikuwa Bibi, mama yake Mama. Alikuwa Mnyiramba kama sisi, lakini alimfuata Babu kule Rungwa tangu ujana wao, wakakaa huko wakilima na kufuga nyuki pembeni mwa pori, na Babu alipofariki Bibi akabaki peke yake na mizinga. Macho yalikuwa yameanza kufifia. Masika yaliyotangulia aliteleza njia ya kisimani akalala kwenye matope mpaka jirani alipopita kuchota maji. Mama alipopata habari hizo kwa simu alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mara moja kabla ya hapo walikuwa wamemleta Bibi akae nasi moja kwa moja, na hakumaliza hata wiki. Alisema yeye si mtu wa kulala sebuleni kwa watu kama mgeni wa msibani, akafunga kifurushi chake, akaondoka. Safari hii Mama aliapa kwamba atampa chumba, na kitanda, na kabati la nguo zake, ili asiwe na sababu ya kurudi kwenye lile pori kufa peke yake. Alisema hivyohivyo, kwa maneno hayo, mbele yangu, na mimi nikaogopa. Chumba chenyewe kilikuwa changu, na kitanda kilikuwa changu, lakini hakuna aliyeniuliza, na kwa kweli nisingekataa.

Kununua kitanda kipya hakukuwezekana. Alizeti ya mwaka ule ilikaukia shambani ikiwa na vichwa vidogo kama vifuniko vya chupa, na kilichopatikana kilikwenda kwenye ada ya kaka. Kwa hiyo Baba, ambaye ni mkulima na hakuwahi kusomea useremala wala kumsaidia seremala, aliazima msumeno na randa akatangaza kwamba kazi hiyo ni ndogo. Sijawahi kuona kazi ndogo iliyomtesa mtu namna ile. Alipiga msumari mahali pamoja, ubao ukapasuka mahali pengine. Alitengeneza chaga mpya kutoka kwenye mlango wa zamani wa banda, na banda likabaki bila mlango, kuku wakahamia jikoni. Mama alimwagia nyufa maji yanayochemka na mafuta ya taa mpaka kunguni wakasalimu amri, ila gundi aliyoitia Baba jana yake nayo ikasalimu amri, ubao wa kichwani ukafunguka vipande viwili. Baba aliviegemeza vipande hivyo ukutani. Kisha akaenda kuangalia mbuzi, jambo alilokuwa akilifanya kila akitaka kukasirika mahali ambapo hatumwoni.

Halafu ikaja rangi. Baba aliokota mabaki ya rangi ya bluu yaliyobaki milango ya shule ilipopakwa, jirani akampa kidogo ya kahawia, akazichanganya zote kwenye kopo moja ili zitoshe. Rangi iliyotokea haina jina katika lugha yoyote ninayoifahamu. Baba aliiita kahawa. Mama aliiita tope. Kwa kuwa bado haikutosha aliiongezea mafuta ya taa, na kwa kuwa aliiongezea mafuta ya taa haikukauka. Kitanda kilikaa uwanjani kikinata, vumbi la kiangazi likatua juu yake kwa raha zake, na asubuhi moja tulikuta mtetea amelala kwenye ubao wa kichwani, na alipofukuzwa aliacha manyoya ya tumbo lake yote. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka hata kidogo. Mimi na Mama tulikwenda kutafuta majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, tukasugua kitanda kizima upya mpaka vidole vikawasha, na Baba akakipaka tena, safari hii rangi peke yake, nyembamba, ikikosa kufika pembeni. Upande wa ukutani uliachwa bila rangi. Ukuta hautazami, alisema.

Jambo alilolishughulikia kwa makini kuliko yote ni miguu. Aliikata yote, hata ile miwili ambayo mchwa hawakuila, akaitupa, akatengeneza mingine minne kutoka kwenye fremu ya mlango ule wa banda, na akaifanya mirefu. Wakati ule kwetu kitanda cha heshima kilikuwa kitanda cha juu. Watu waliweka matofali chini ya miguu ili kiinuke, wakazungushia kitambaa chenye marinda, na chini yake wakahifadhi magunia. Baba alisema kitanda cha mama mkwe hakiwezi kuwa chini, watu watasema amemlaza mama wa watu kwenye kigoda, na hakitasimama juu ya matofali kama vya watu wengine, kitasimama kwa miguu yake chenyewe. Kilipoingizwa chumbani kilifika kifuani mwangu. Nilikipenda kwa dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba mimi nitalala kwenye godoro chini.

Kabla sijamleta Bibi mlangoni, lazima niseme jambo moja kwa wasomaji ambao hawakulelewa hivi. Kwa wazee wetu, mwanamume na mama wa mke wake walikuwa wakiheshimiana kwa kuepukana. Hawakupeana mikono, hawakula sahani moja, hawakukaa wakitazamana. Mkwe alimwamkia mama mkwe wake kwa mbali, akiwa ameelekeza uso pembeni, na kama kuna neno la kumwambia alimtuma mtoto. Chumba anacholala mama mkwe, mkwe wake haingii, hata kama nyumba aliijenga yeye kwa mikono yake, na kitanda ambacho mama mkwe ameshakilalia, mkwe hakigusi. Baba aliweza kukipigilia misumari kitanda kile mpaka jioni ya kabla Bibi hajafika. Baada ya hapo kilikuwa kimeshamtoka mikononi.

Bibi alifika na basi akiwa na dumu la asali na kifurushi kilekile. Alikuwa mfupi, mfupi zaidi ya nilivyomkumbuka, na alinishika kichwa akanipapasa uso mzima ili anijue. Alizoea kuniita mke mwenzangu, utani wa mabibi wote, nami nilizoea kumjibu kwamba mume wetu hayupo. Baba alisimama kando ya stoo, akatazama mlima, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi akatazama upande wa barabara, akajibu, "Marahaba, baba." Basi, salamu ikawa imeisha, na kila mmoja akaonekana ameridhika. Mama akamshika mkono akamwingiza chumbani. Bibi alipapasa kitanda kuanzia ubao wa kichwani, akashuka na mguu wake mmoja wa mbao mpaka sakafuni, akaupapasa tena kwenda juu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Mke mwenzangu, mwambie baba yako ahsante. Amenipandisha juu." Nilikwenda kumwambia Baba, ambaye alikuwa amesikia kila neno, na akatabasamu kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari.

Alfajiri moja, siku chache baadaye, niliamka nikahisi kuna pumzi karibu na sikio langu. Bibi alikuwa amelala chini, juu ya khanga iliyotandazwa kwenye saruji, kichwa kimeegemea godoro langu, na kitanda kikubwa kimesimama juu yetu kimetandikwa vizuri, hakijaguswa. Nilidhani ameanguka. Nilipotaka kupiga kelele aliniwekea kiganja mdomoni. Aliniambia kwa Kinyiramba, taratibu, kwamba hawezi kukipanda. Usiku wa kwanza alijaribu kwa kukanyaga ndoo, ndoo ikamkimbia, na tangu hapo analala hapo chini na kuamka kabla ya watu. "Usimwambie mtu," alisema. "Baba yako amekitengeneza kwa mikono yake. Nitamwambiaje mkwe wangu kwamba zawadi yake imenishinda?" Sakafu ile ilikuwa baridi, na kiangazi cha Iramba alfajiri kina upepo usio na huruma. Nilimvuta tukalala wote kwenye godoro langu dogo, magoti yake kwenye mgongo wangu.

Baadaye kidogo Bibi akaanza kutaja mizinga. Alisema msimu wa kurina asali umekaribia, lazima akaangalie, na nyumba isiyo na mtu huingiliwa. Mama alielewa vizuri mno kwamba anataka kuondoka. Alidhani tatizo ni chumba, na akaanza kukishambulia chumba. Alihamisha kabati, mlango wake ukang'oka, akaufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Aliondoa pazia lake mwenyewe sebuleni akalitundika humo. Alifuma kitambaa cha kuwekea juu ya kabati, maua mekundu na majani ya kijani, akifuma huku anapika. Kioo chenye ufa alikibandika picha ya kalenda palipopasuka. Aliuza jogoo apate shuka jipya. Kila jioni alikuwa anamwonyesha mama yake kitu kipya, akimwekea mkono juu yake ili akihisi, na kila jioni Bibi alikisifia, na kesho yake anataja mizinga. Niliwatazama nikawa nataka kulia. Baba naye alikuwa akiniita pembeni aniulize kwa sauti ya chini kama mama mkwe wake analala vizuri. Nilikuwa nasema ndiyo, analala. Na kweli alikuwa akilala.

Siku Bibi alipofunga kifurushi, nilisema. Tulikuwa bustanini na Mama tukichuma mlenda, na yeye alikuwa anachuma bila kutazama anachuma nini, machozi yanamtiririka, akisema mama yake hampendi. Nikamwambia anakupenda, ila kitanda kirefu. Mama alisimama na ungo mkononi. Aliniuliza mara mbili. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akakaa kwenye tuta, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, akasema, "Na mimi nimeuza jogoo!"

Shida ilikuwa nani akate miguu. Baba hakuruhusiwa kukigusa. Fundi wa sokoni angetaka malipo, na mbaya zaidi angetangaza gulioni kwamba kitanda cha Baba Yunis kimekataliwa na mama mkwe wake. Mama alikwenda kuongea na Baba nyuma ya zizi, na sikusikia walichosema, ila nilimwona Baba amevua kofia na kujikuna kichwa. Hakukasirika. Alikwenda kwenye baraza, mahali Bibi alipopenda kukaa asubuhi akichambua karanga huku miguu yake imetulia chini, akasubiri Bibi aingie jikoni, akachukua kijiti akapima ule ukuta mfupi wa baraza kutoka chini hadi pa kukalia. Alikuwa hajawahi kumtazama mama yule kwa macho mawili, lakini alijua anakaa wapi. Akakata kile kijiti, akatoa unene wa godoro kwa kubana kwa vidole, akakikata tena. Halafu akasimama nje ya dirisha la chumba, mgongo umeelekea ukutani, uso umeelekea mashamba, akapitisha kijiti na msumeno nyuma ya bega lake kama mtu anayekabidhi vitu vya magendo.

Tulianza kazi. Mama alikata, mimi nilikalia kitanda kilichopinduliwa ili kisitikisike. Mninga ni mgumu, na fremu ya mlango wa zamani ni ngumu zaidi, na msumeno ulikuwa umemaliza meno yake kwenye maisha mengine. Baba alituongoza kwa masikio. "Unausukuma, usiusukume, uvute!" aliyaambia mashamba. "Hapo umepinda, nasikia." Mama alimjibu kwamba kama anasikia vizuri hivyo basi aukate kwa masikio. Bibi alikuwa jikoni muda wote huo, hatua chache kutoka hapo, mlango uko wazi, akichambua karanga zilizokwisha kuchambuliwa. Hakuna aliyemwambia kinachoendelea na yeye hakuuliza. Tulipokipindua kitanda kikasimama kwa miguu mitatu, wa nne ukielea. Tukakata ile mitatu kidogo. Ukaelea mwingine. Baba akauliza sakafu ikoje, Mama akamwambia sakafu uliimwaga wewe, na kwa mara ya kwanza tangu rangi ilipokataa kukauka nilimsikia Baba akicheka, peke yake, huko nje. Kila tulipokata kitanda kilishuka, mpaka kijiti cha Baba hakikuwa na maana tena na Mama akaanza kuogopa kwamba tutamaliza miguu yote.

Ndipo Bibi akaingia. Alikuja akipapasa ukuta, akatusogeza, akageuka, akakaa. Kitanda kikatikisika kidogo kikatulia. Alisogeza miguu yake mbele na nyuma juu ya saruji, nyayo zote mbili, akapapasa shuka jipya kulia na kushoto. Chumba kilijaa vumbi la mbao. Mama alikuwa amesimama na msumeno mkononi, kilemba kimemwangukia usoni. "Mke mwenzangu," Bibi alisema, akiwa ameelekeza uso dirishani, "mwambie fundi asikate tena. Miguu yangu imegusa chini." Sikwenda popote. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, na nilisikia viatu vyake vikisogea, nikadhani anakwenda kwa mbuzi. Kisha akasema, "Yunis, mwambie mama karibu nyumbani." Mama akaweka msumeno chini akaketi kando ya mama yake, na mimi nikabanana nao, na kitanda kikatubeba wote watatu.

Bibi alikaa. Mizinga ya Rungwa alimwachia mtoto wa shemeji yake, na asali ilitufikia kila msimu kwa mabasi. Alinifundisha kusuka vikapu kwa vidole tu, alinikanya, alinificha nilipostahili viboko, na tulipokuwa tukilala mimi chini na yeye juu tulikuwa karibu kushikana mikono, maana tofauti ya kimo kati ya kitanda chake na godoro langu ilikuwa ndogo sana. Nilimpenda bibi yule kuliko nilivyowahi kumwambia. Alifariki nikiwa sekondari, kitandani kwake, mchana, Mama akimlisha uji.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, Mama alimwomba Baba asaidie kutoa kitanda nje kipate jua. Baba alisimama mlangoni mwa chumba kile ambacho hakuwa ameingia miaka yote hiyo, ndani ya nyumba yake. Alivua viatu. Aliingia, akapiga magoti, akapapasa mguu mmoja baada ya mwingine, akaona tulivyoikata ovyo, na kipande cha kandambili tulichokibandika chini ya mguu mmoja, na upande wa ukutani usio na rangi. Nilikuwa nyuma yake. Nilitegemea atatutania mimi na Mama kwa ufundi wetu. Badala yake aliketi kwenye kitanda, yeye mtu mrefu, magoti yakampanda karibu na kidevu, akaweka kiganja juu ya godoro. "Mama," alisema, "si ungeniambia tu." Hakuwa ameelekeza uso pembeni, na hakuwa amenituma mimi.

Sasa Mama ndiye anayekuja kukaa kwangu Mandewa, na chumba anacholala nimekijaza samani za mbao za kubandika ambazo maji yakimwagika zinaumuka kama andazi, nami nazipaka na kuzigongea misumari kwa sababu mpya sina uwezo nazo. Mume wangu huingia humo bila hodi ndefu, huketi pembeni ya kitanda, humwuliza amelalaje. Siku za kwanza Mama alikuwa akihamia kwenye kiti. Siku hizi hahami. Majuzi nilikuwa koridoni na brashi ya rangi mkononi nikamsikia Mama akimwambia kwamba godoro ni gumu, linamuumiza nyonga, na mume wangu akajibu, "Sawa, mama, tubadilishane, chukua letu." Baba hakuwahi kupata nafasi ya kulalamikiwa hivyo na mama mkwe wake hata mara moja. Nikabaki nimesimama, mimi niliyelelewa kupeleka maneno kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, hakuna aliyenituma, nikalia kwa furaha.